Bwawa letu sote, bili ya nani? Mwongozo kamili wa kugawana kwa haki gharama za maji wakati tabianchi inabadilika

Kikao cha maji huwa kitamu mpaka mhasibu asimame. Mhandisi ameshaeleza bwawa litakaa wapi, ramani imepita meza hadi meza, watu wameitikia. Kisha jumla ya gharama inaandikwa ubaoni na ukumbi unakuwa kimya. Wa kwanza kunyoosha mkono husema, "Tugawane sawa kwa sawa." Wa pili: "Anayetumia maji mengi alipe zaidi." Wa tatu, kutoka nyuma kabisa: "Walipe waliochafua hewa, sisi tumekosa nini?" Kila mmoja ana hoja. Na kila hoja, ikiachwa itawale peke yake, huvunja mradi. Nitakuonyesha kwa hesabu.

Mwongozo huu ni wa yule atakayekaa meza ya mbele siku hiyo: mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, diwani, ofisa wa bonde, mjumbe wa kamati aliyetupiwa kalamu kwa sababu anajua kujumlisha. Msimamo wangu niuseme mapema. Mgawanyo wa haki huanza na swali moja unalomuuliza kila mhusika: ungekuwa peke yako, bila hawa wenzako, ungetumia kiasi gani kujinusuru? Fomula zije baadaye.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mto mmoja, bwawa moja jipya, makundi matatu. Mji unataka maji ya kunywa hata mvua zikichelewa. Wakulima wa skimu wanataka maji ya kiangazi. Wakazi wa bondeni hawahitaji hata tone. Wanachotaka ni mafuriko yasiwafikie. Bwawa linagharimu 90. Ni 90 ya fedha gani, haidhuru. Ukiweza, nenda kikaoni na kokoto 90 na uzimwage mezani. Asilimia huzua ubishi usioisha, ila kokoto kila mtu anaweza kuzihesabu mwenyewe.

Hatua ya 1: Andika gharama zote, hata zisizo na risiti

Bei ya mkandarasi ni mwanzo tu. Ongeza matengenezo ya miaka yote bwawa litakayoishi, uondoaji wa mashapo, mishahara ya wanaofungua malango, vipimo vya mvua na vya kina cha mto, na utunzaji wa kidakio, yaani eneo la juu linalokusanya maji ya mvua na kuyaleta mtoni. Ongeza pia siku za kazi ambazo watu watajitolea kuchimba mifereji. Zithaminishe kwa ujira wa kibarua wa eneo hilo na uziandike kama mchango uliokwishalipwa. Mara nyingi kazi hii huangukia wanawake, na mara nyingi haionekani popote kwenye hesabu.

Gharama inayosahaulika kuliko zote ni ya anayepoteza ili wengine wapate: mwenye shamba litakalofunikwa na maji, familia itakayohamishwa. Fidia yake isipokuwamo ndani ya ile 90, basi yeye ndiye mfadhili mkuu wa mradi, ila hakuulizwa. Uholanzi, baada ya mito kufurika mwaka 1993 na 1995, ilianzisha mpango wa kuipa mito nafasi katika maeneo zaidi ya 30. Kwenye Overdiepse Polder, eneo la mashamba lililozungushiwa matuta, ardhi ya wakulima iliachiwa ipokee maji ya mto yakizidi, ili miji mingine ipone. Baadhi ya nyumba na mazizi yakajengwa upya juu ya vilima vya udongo, na wakulima wengine wakahama. Gharama hiyo iliingia kwenye bajeti ya mpango, kwa kuwa waliokuwa wanaokolewa walikuwa wengine.

Hatua ya 2: Tenganisha gharama ya tabianchi na gharama ya uzembe

Bomba linalovuja kwa miaka ishirini halikutobolewa na tabianchi. Lakini ukifika wakati wa kuomba fedha, kila kitu hupakwa rangi ya tabianchi, na mfadhili mwenye macho huona. Mbaya zaidi, wahusika wenyewe hupoteza imani: mkulima anajua kabisa lile lango lilianza kukwama lini.

Njia ya kutenganisha ni kuandaa bajeti mbili. Ya kwanza ijengwe kwa mto wa jana, yaani kama mvua na joto vingebaki vile kumbukumbu za zamani zinavyoonyesha. Ya pili ijengwe kwa mto unaotarajiwa. Hewa ikipata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7, ndiyo maana mvua kubwa huja kubwa zaidi, huku joto hilohilo likizidisha uvukizaji bwawani na shambani. Kwa hiyo bajeti ya pili itakuwa na njia pana ya kumwaga maji ya ziada, ukuta mrefu zaidi, akiba kubwa zaidi.

Tuseme bajeti ya mto wa jana ni 72. Tofauti ni 18. Weka kokoto 18 pembeni ya zile 72, usizitoe mezani. Hizo 18 ndizo unazoweza kuzidai kwa jina la tabianchi. Zile 72 mngelipa hata kama hewa isingebadilika.

Hatua ya 3: Orodhesha wanaohusika, siyo wanaotumia maji tu

Wakazi wa bondeni ndio wanaosahaulika hapa, maana hawana mita wala bili. Lakini bwawa likiwakinga na mafuriko wamefaidika, na wanaofaidika wanaingia hesabuni. Upande wa pili kuna wale wa mkondo wa juu wanaolinda misitu na nyasi za kidakio: hao wanatoa huduma, kwa hiyo wanaingia kama wa kulipwa. Quito, mji mkuu wa Ekuado, ulianzisha mfuko wa maji mwaka 2000 ambao mapato ya maji ya mji huchangia kutunza vyanzo vya milimani. Mji hauwafanyii hisani watu wa juu. Unanunua maji safi kabla hayajachafuka.

Hatua ya 4: Mpe kila mmoja dari na sakafu

Hapa ndipo pa kutulia. Hatua hii ikikaa vizuri, iliyobaki ni kujumlisha na kutoa.

Dari ni kiasi ambacho kundi lingetumia kama lingejenga suluhisho lake peke yake. Hakuna mwenye akili atakayekubali kulipa zaidi ya hapo. Atajitoa akajenge la kwake. Sakafu ni gharama ambayo isingekuwepo kama kundi hilo lisingekuwepo. Unaipata kwa kumwomba mhandisi achore bwawa upya bila kundi hilo, kisha unatoa. Anayelipa chini ya sakafu yake anabebwa na wenzake, na wenzake wakigundua hawatafurahi.

Kwenye mfano wetu:

Mji ukijitegemea utachimba visima virefu na kusafisha maji kwa 50. Bwawa bila mji lingegharimu 70. Dari ya mji ni 50, sakafu ni 90 kutoa 70, yaani 20.

Skimu ikijitegemea itajenga malambo kwa 45. Bwawa bila skimu lingegharimu 65. Dari ni 45, sakafu 25.

Wakazi wa bondeni wakijitegemea watainua tuta kwa 30. Bwawa bila wao lingegharimu 80. Dari ni 30, sakafu 10.

Jumlisha dari: 125. Bwawa la pamoja ni 90. Kwa kushirikiana wameokoa 35, na hiyo ndiyo sababu ya wao kukaa meza moja. Namba hii iandikwe kubwa ubaoni kabla ya mtu yeyote kuanza kulalamika. Kama jumla ya dari ingekuwa ndogo kuliko gharama ya pamoja, ningekushauri uvunje kikao, kila mtu arudi kwake, maana mradi huo haufai.

Onyo moja: dari hudanganywa. Kila kundi litasema njia yake ya peke yake ni rahisi mno ili lipangiwe kidogo. Dawa ni mhandisi mmoja, asiye wa upande wowote, azikadirie dari zote tatu kwa bei zilezile za saruji na mafuta, na makadirio yabandikwe wazi.

Hatua ya 5: Gawa kilichobaki

Jumla ya sakafu ni 20 na 25 na 10, yaani 55. Kila kundi linaanza kwa kulipa sakafu yake. Zimebaki kokoto 35 ambazo hakuna anayeweza kusema "ni za yule," kwa kuwa ni gharama ya pamoja tupu: ukuta wenyewe, barabara ya kufika, usimamizi.

Zigawe kwa uwiano wa nafasi iliyobaki kati ya sakafu na dari ya kila kundi. Mji una 30, skimu 20, bondeni 20, jumla 70. Kwa hiyo mji unachukua 15, skimu 10, bondeni 10. Ukijumlisha na sakafu: mji 35, skimu 35, bondeni 20. Zimetimia 90, na kila kundi limelipa chini ya dari yake. Mji umeokoa 15, skimu 10, bondeni 10.

Njia hii ina umri. Chimbuko lake ni mabishano ya miaka ya 1930 nchini Marekani, Tennessee Valley Authority, shirika la serikali la kuendeleza bonde la mto Tennessee, lilipotakiwa kueleza gharama za mabwawa yake zigawanywe vipi kati ya umeme, usafiri wa majini na kuzuia mafuriko.

Sasa warudie wale watatu wa mwanzo. Sawa kwa sawa ni 30 kila mmoja. Bondeni watauliza kwa nini waingie, maana tuta lao wenyewe ni 30 hiyohiyo. Kwa wingi wa maji: tuseme skimu inatumia asilimia 70 na mji 30. Skimu italipa 63 wakati malambo yake ni 45. Itaondoka kesho yake asubuhi. Mji utalipa 27 na bondeni wataokolewa bure. Wa tatu, yule aliyesema walipe waliochafua hewa, tunamjia sasa.

Hatua ya 6: Dai cha nje, na uamue kitapunguza mzigo wa nani

Aliyeongea kutoka nyuma hakuwa analeta siasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi wa mwaka 1992 unatambua wajibu wa pamoja lakini uliotofautiana kati ya nchi, na unazitaka nchi zilizoendelea zizisaidie nchi zinazoendelea zilizo hatarini zaidi kubeba gharama za kukabiliana na athari. Mwaka 2009 huko Copenhagen ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka kufikia 2020, ahadi iliyochelewa kutimia. Kwenye mkutano wa Baku, Azabajani, mwaka 2024 lengo likawa angalau dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035. Mfuko wa hasara na madhara ulikubaliwa mwaka 2022.

Kwa kamati yako, maana yake ni hii: zile kokoto 18 ziandikiwe ombi lenye bajeti zote mbili za hatua ya 2. Ila usipange mradi kana kwamba fedha imeshafika. Na soma karatasi vizuri, kwani sehemu kubwa ya fedha za tabianchi hutolewa kama mikopo. Mkopo hata wa riba nafuu haujaondoa kokoto hata moja mezani. Umesogeza tu siku ya kulipa. Ruzuku ndiyo inayopunguza.

Tuseme mmepata ruzuku ya 10. Mkono utataka kuigawa kwa uwiano, kila mtu apunguziwe kidogo. Mimi ningeuzuia. Ruzuku ndiyo sehemu pekee ya hesabu ambamo uwezo wa kulipa unaweza kuingia bila mtu mwingine kuona ameibiwa. Kama skimu ni ya wakulima wadogo, wape yote: 35 yao inashuka hadi 25, ambayo ni sakafu yao hasa. Wanalipa gharama waliyoisababisha wenyewe, hawabebwi na mji, na mji bado una akiba yake ya 15.

Hatua ya 7: Usiishie mlangoni mwa kundi

"Mji unalipa 35" ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. Haki nyingi huharibikia hapa, baada ya wakubwa kushapeana mikono.

Kwa mji, wengi hukimbilia bei ya ngazi: uniti za mwanzo rahisi, za juu ghali. Inaonekana ni ya kumlinda maskini. Lakini nyumba ya kupanga yenye kaya sita kwenye mita moja hufika ngazi ya juu kabla ya nusu ya mwezi, huku mtu anayeishi peke yake nyumba nzima akibaki ngazi ya chini. Na asiyeunganishwa na bomba, anayenunua kwa ndoo, hapati nafuu yoyote. Kwa hiyo hesabu kaya kwa kila mita kabla ya kupanga ngazi, na tenga sehemu ya fedha kwa ajili ya kuunganisha wapya na vioski. Afrika Kusini ilipoanza kutoa maji ya msingi bure mwaka 2001, kipimo kilikuwa lita 6,000 kwa kaya kwa mwezi. Wakosoaji walilenga jambo hilihili, kwamba kaya za maskini mara nyingi ndizo zenye watu wengi.

Kwa skimu, tatizo lina umbo la mfereji. Wa mwanzo wa mfereji hupata maji kwanza na ya kutosha; wa mwisho hupata makapi, na mwaka wa ukame hapati. Mkiwatoza wote sawa kwa hekta, wa mwisho anamlipia wa mwanzo. Tozeni kwa zamu za maji yaliyofika kweli, au kwa hekta lakini kwa viwango vinavyopungua kadiri mfereji unavyokwenda. Nenda mwenyewe mwisho wa mfereji siku ya zamu, saa yenyewe ya zamu, uangalie kina. Daftari la lango la juu halitakuambia.

Kwa bondeni ni rahisi zaidi: kinachokingwa ni mali na maisha, basi mwenye ghala au kiwanda alipe kwa thamani ya anachokingiwa, na kaya ilipe kiwango kidogo cha pamoja. Bodi za maji za Uholanzi, ambazo chimbuko lake ni karne ya 13, hutoza makundi tofauti, wakazi, wenye majengo, wenye ardhi, na kwa muda mrefu makundi hayo yaliwakilishwa kwenye uongozi wa bodi. Kanuni yao ya zamani: anayelipa ana kiti, na mwenye kiti analipa.

Kama mto unavuka mpaka

Hesabu haibadiliki, ila faida hulipwa kwa sura nyingi. Mkataba wa Lesotho na Afrika Kusini wa mwaka 1986 uliibebesha Afrika Kusini gharama za kuhamisha maji, Lesotho ikabeba za umeme wake, kisha akiba iliyopatikana kwa kuchagua mradi huo ikagawanywa asilimia 56 kwa Lesotho na 44 kwa Afrika Kusini. Ndiyo dari na sakafu zilezile, zimevaa suti.

Kwenye Mto Senegal, umeme wa bwawa la Manantali uligawanywa asilimia 52 kwa Mali, 33 kwa Senegal na 15 kwa Mauritania, mataifa yaliyounda shirika la mto huo mwaka 1972. Kulikuwa na faida nyingine iliyotarajiwa, usafiri wa meli mwaka mzima hadi mji wa Kayes, Mali, na miaka mingi baada ya bwawa kukamilika ilikuwa bado haijafika. Funzo la kihasibu: faida inayosubiri mradi mwingine usiihesabu kwenye dari ya mtu leo.

Hatua ya 8: Ukame nao ni bili

Wahasibu hugawa fedha na kusahau kwamba mwaka mbaya gharama hulipwa kwa maji yenyewe. Andikeni mapema bwawa likishuka hadi nusu nani anapunguziwa, likishuka hadi robo nani anafungiwa. Kwa kawaida mji hufungiwa mwisho, na ni sawa, maana maji ya kunywa hutangulia. Lakini anayefungiwa kwanza amewauzia wenzake uhakika. Basi ama alipe kidogo kila mwaka, ama alipwe mwaka anaofungiwa. Kama wakulima wanakatiwa bila kimoja kati ya hivyo viwili, ile 35 ya mji si bei ya kweli.

Hatua ya 9: Weka kifungu cha kufungua upya

Mwaka 1922 majimbo ya Bonde la Mto Colorado, Marekani, yaligawana maji kwa kiasi maalumu, futi-ekari milioni 7.5 kwa mwaka (futi-ekari moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja) kwa bonde la juu na nyingine kama hizo kwa bonde la chini, wakitegemea kumbukumbu za miaka iliyokuwa na maji mengi kuliko kawaida. Mto haukuendelea kuwa vile. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado wanagombana juu ya maji yaliyopo kwenye karatasi tu.

Kwa hiyo sehemu za gharama na za maji ziandikwe kwa uwiano. Panga mapitio kila baada ya miaka mitano, na taja vichocheo vya kufungua mapema: ujazo wa bwawa kushuka chini ya kiwango fulani misimu miwili mfululizo, mtumiaji mkubwa mpya kuingia, ruzuku mpya kupatikana. Aandikwe pia nani anasoma kipimo cha mto, na nani anayehakiki usomaji wake. Kipimo kikisomwa na upande mmoja peke yake, kifungu hiki hakina kazi.

Hatua ya 10: Daftari, na asiyelipa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bandikeni kila robo mwaka ukurasa mmoja: nani alipangiwa ngapi, amelipa ngapi kwa fedha, ngapi kwa siku za kazi, na fedha ya matengenezo imebaki kiasi gani. Akaunti ya matengenezo iwe yake peke yake, isichanganywe na ya ujenzi.

Asiyelipa atatokea. Kabla ya adhabu, muulize maji yalimfika? Kama hayakufika, deni si lake. Kama yalifika na hana uwezo, mpe siku za kazi kwa thamani ileile ya hatua ya 1. Kama yalifika na uwezo anao, skimu imkatie zamu, mji umpunguzie mgandamizo. Ila msifunge kabisa maji ya kunywa: Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi kuwa haki ya binadamu, na bomba likifungwa familia huenda kuchota mtoni, chini kidogo ya mahali mnapomwaga maji ya ziada ya bwawa.